Kutoka gome la mti hadi jaridani: namna ya kuandaa makala ya mosi na kuvumwani

Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa kwa sababu ya bahasha. Nilikuwa nimeandika juu ya mosi, yaani kimmea kidogo cha kijani kinachotanda juu ya miti na mawe, niliyoitoa milima ya Uluguru, Morogoro, nikachora vizuri, nikapima seli zake mpaka macho yakauma. Mhakiki mmoja akaniuliza: mti gani, mwinuko gani, upande gani wa mlima? Nikaenda kabatini, nikatoa bahasha. Juu yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino maneno matatu: "Uluguru, juu ya mti." Sikuwa na la kujibu. Ilinibidi nisubiri masika yaishe, nipande tena mlima, niitafute mosi ile ile upya.

Tangu siku hiyo ninawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwetu kwenye hebaria, yaani nyumba ya kutunzia mimea iliyokaushwa, kwamba makala ya jarida haianzi kwenye kompyuta. Inaanza pale mkono unapogusa gome la mti. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu msituni na mezani, na uandishi wenyewe unakuja mwishoni.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana Kiswahili chetu hapa bado kinatafuta mahali pa kukanyaga. Watu wengi huita kila kitu cha kijani kinachoteleza juu ya jiwe "ukoga", na cheupe kilichobandika kwenye mti "kuvu". Mimi nitaita mosi ule mmea mdogo wenye kishina na vijani, usio na mizizi ya kweli wala maua, unaotanda kama zulia na kuzaa kwa spora. Nitaita kuvumwani kile kiumbe cha kuvu na mwani wanaoishi pamoja: kuvu anajenga nyumba, mwani anapika chakula kwa jua. Jina hilo la Kiswahili linaeleza jambo zima kwa neno moja, nami nalipenda. Wapo pia hepatika, ndugu wa mosi, ambao wengi wao hubandika vijani vyao safu mbili kama vigae vya paa. Huko Uluguru hao ni wengi kuliko unavyodhani.

Vibali na vifaa

Usianze kuokota kabla ya kuwa na karatasi mkononi. Kwa Tanzania, mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukiwa na chuo cha hapa, anza na barua ya utafiti ya chuo chako. Msitu wa hifadhi asilia una kibali chake kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kenya wanaanzia NACOSTI, tume yao ya sayansi. Kisha pita ofisi ya serikali ya kijiji, useme umekuja kufanya nini. Andika namba za vibali ndani ya daftari lako siku hiyo hiyo, maana majarida mengi siku hizi huziomba, na kuzitafuta baada ya miaka miwili ni adhabu.

Na mchukue mtu wa pale anayeujua msitu. Mzee aliyenipandisha Bondwa, kilele kimoja cha Uluguru, mara ya pili nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba," kisha akaniuliza natafuta nini. Nilipomwonyesha kipande cha mosi kwenye kiganja, alisema hiki kinaanza pale ukungu unapolala, chini ya hapo hutakiona. Alikuwa sahihi kabisa. Jina lake limo kwenye shukrani za makala ile, baada ya yeye mwenyewe kuniruhusu.

Vifaa ni vichache. Kisu cha jikoni chenye ncha. Patasi na nyundo kwa kuvumwani zilizogandamana na mwamba. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10, ifungwe kamba shingoni, la sivyo itabaki msituni. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu penseli haifutiki na maji. Simu yenye GPS. Na bahasha za karatasi, nyingi kuliko unavyofikiri utahitaji.

Bahasha usinunue. Chukua karatasi ya A4, iweke wima mbele yako. Kunja upande wa chini kwenda juu sentimita 11. Kunja kingo mbili za pembeni kwenda nyuma, sentimita 3 kila upande. Kipande kilichobaki juu kishushe mbele kama kifuniko. Umepata bahasha ya sentimita 15 kwa 11, isiyo na gundi, inayopumua. Mifuko ya plastiki iache kabisa: sampuli mbichi ndani ya plastiki kwenye joto la Morogoro huota ukungu haraka, na ukungu ukishaingia kwenye kuvumwani huwezi tena kujua kuvu yupi ni mwenyeji na yupi ni mgeni.

Msituni

Piga magoti. Mtu anayetembea wima ataona mosi moja ya kijani kila mahali. Aliyeinama na lenzi jichoni ataona tano kwenye kipande cha gome kisichozidi kiganja. Shika lenzi karibu na jicho, halafu leta sampuli kwenye lenzi, wala usifanye kinyume chake. Kwenye matawi utakutana na Frullania, hepatika za rangi ya kahawia zenye vifuko vidogo chini ya kila kijani, mfano wa kofia zilizopinduliwa. Vifuko hivyo hushika maji. Ukiviona mara ya kwanza utakaa hapo hapo nusu saa.

Chukua kidogo. Kipande cha nusu kiganja kinatosha, na kama umeona kimoja tu mahali hapo, piga picha ukiache. Mosi hukua polepole, na kuvumwani nyingine za mwambani hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ila kile unachochukua kichukue kizima: mosi ukiweza ichukue na vikapsuli vyake vya spora vilivyosimama kwenye nyuzi, kwa sababu meno yaliyozunguka mdomo wa kapsuli mara nyingi ndiyo yatakayokuambia jenasi. Kuvumwani iliyobandika kwenye gome ikate na kipande chembamba cha gome. Iliyo mwambani, patasi iingie pembeni kwa kulala, kisha kipande kifungwe kwenye karatasi laini ya chooni kabla ya kuingia bahashani, kisisagike njiani.

Sasa andika, hapo hapo, kabla hujainuka. Nchi, mkoa, mlima, njia uliyopita. Latitudo na longitudo. Mwinuko kwa mita. Aina ya msitu. Mahali inapoota: shina la mti ulio hai au gogo lililooza, kimo gani kutoka ardhini, jiwe la aina gani, kivulini au juani. Tarehe. Jina lako na namba yako ya ukusanyaji, ambayo inaanza na 1 na haitarudiwa maisha yako yote. Usianze upya kila safari. Mfano wa bahasha yangu ya siku hizi: "Tanzania, Morogoro, Uluguru Kaskazini, njia ya Morningside kwenda Bondwa, msitu wa mawingu, mita 1,950, shina la mti ulio hai, mita 1.5 kutoka ardhini, upande unaotazama mashariki, pamekaa kivuli."

Huo upande wa mashariki haukuwekwa kwa mapambo. Uluguru hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mteremko wa mashariki una mvua nyingi kuliko wa magharibi. Mosi inajua tofauti hiyo, na msomaji wa jarida aliyeko Helsinki hawezi kuijua usipomwambia.

Na hapa niseme kwa nini nalishikilia jambo hili kwa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tamás Pócs, mtaalamu wa mosi na hepatika kutoka Hungary, alifundisha Morogoro. Alipanda milima hii hii, akapima kwa mizani uzito wa mimea inayoota juu ya miti, mosi zikiwa sehemu yake kubwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 yanaonyesha kwamba msitu wa mbilikimo, yaani wa miti mifupi, ulio karibu na kilele, penye ukungu karibu kila siku, hubeba takriban tani 14 za mimea hiyo ikiwa mikavu kwa kila hekta, na msitu wa chini zaidi takriban tani 2 tu. Mimea hiyo hunyonya mvua na ukungu kama sponji, halafu huachia maji taratibu. Mto Ruvu unatoka kwenye milima hii, na Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu. Tofauti ya tani 14 na tani 2 isingeonekana kamwe kama angeandika "Uluguru, juu ya mti."

Kukausha, na kazi ya mezani

Ukifika, fungua bahasha zote, zisimamishe kwenye kikapu au boksi mahali penye kivuli na upepo. Siku mbili tatu zinatosha kiangazi. Masika weka karibu na taa yenye joto. Usitumie oveni, usianike juani, wala usibane kwenye gazeti chini ya mawe kama ufanyavyo kwa majani ya miti, kwa kuwa umbo la mosi ni sehemu ya ushahidi. Zikikauka, ziweke kwenye friza wiki moja ili wadudu wafe, ndipo ziingie kabatini.

Uzuri wa mosi ni kwamba haifi machoni pako. Chukua kijitawi kilichokauka miaka mingi, kidondoshee maji ya uvuguvugu, nacho kinafunguka vijani kama kiliokotwa asubuhi. Kiangalie kikiwa kikavu kwanza, uandike vijani vimejikunja vipi, halafu kilowanishe. Kwa kibano ng'oa vijani vitatu vinne kutoka katikati ya shina, viweke kwenye kioo cha hadubini na tone la maji. Tazama kama kuna mshipa wa katikati, unaishia wapi, ukingo una meno au hauna, seli ni ndefu au za mviringo, za kona zikoje. Pima angalau seli 10, uandike ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kwa mosi za jenasi ya Campylopus na jamaa zake utahitaji kukata mshipa kwa wembe mpya, vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Vya mwanzo vitakuwa vinene. Endelea kukata.

Kuvumwani zina njia nyingine, ambayo wanafunzi hufurahia zaidi: matone ya kemikali. Mwaka 1866 William Nylander, Mfini aliyeishi Paris, alieleza jinsi tone la potasi na tone la dawa ya klorini zinavyobadilisha rangi ya kuvumwani kulingana na asidi zilizomo. Mpaka leo wataalamu wanaziita K na C. K ni potasiamu haidroksaidi, gramu 10 kwenye mililita 100 za maji. C ni jiki ya kawaida ya dukani, isiyo na manukato. Toa tone dogo kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyochongwa, liguse gome la kuvumwani, kisha likwangue kidogo mpaka nyama nyeupe ya ndani, uguse na hapo, ukitazama kwa lenzi. Njano inayobaki njano kwa K mara nyingi ni atranorini. Njano inayogeuka nyekundu kama damu mara nyingi ni asidi ya salazini au norstikti. Andika "K+ njano kisha nyekundu", siyo "ilibadilika rangi".

Ukitaka kujifunza C, nenda pwani. Kwenye miti ya ufukweni na mikoko huota Roccella montagnei, kamba kamba za kijivu zinazoning'inia. Tone la jiki likigusa juu yake hugeuka jekundu mara moja, kisha hupotea. Ukipepesa macho umeikosa. Jamaa hii ya Roccella ndiyo inayotoa rangi ya zambarau ya nguo na litimasi ya maabara, na katika karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kwa biashara hiyo. Mimi huweka kipande chake mezani kwa kazi moja: jiki ikikaa wiki kadhaa hupoteza nguvu, kwa hiyo kabla ya kupima sampuli ngeni napima Roccella kwanza. Isipogeuka nyekundu, namwaga jiki nanunua nyingine.

Vaa miwani na glovu, maana K inaunguza. Ipo pia kemikali ya tatu, P, yaani parafenilinidiamini. Hiyo ina sumu na inadoa kila kitu; iache mpaka ufundishwe na mtu aliyezoea, chini ya bomba la kuvuta hewa. Na vipimo vyote vifanye kwenye kipande ulichokitenga, kisha kitupe. Usirudishe kipande chenye kemikali bahashani.

Kipimo kimoja hakihitaji chochote. Ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya ukanda wa ukungu, Kilimanjaro, Usambara na kwingineko, nyingi ni Usnea. Shika uzi mmoja uvute polepole kwa ncha zote mbili: gome linakatika, na ndani unatokea uzi mweupe unaovutika kama mpira. Ukiuona huo, jenasi umeipata.

Je, ni jambo la kuchapishwa?

Swali hili ndilo linalokula muda, na ndilo linalofanya mhariri akuheshimu. Kwa mosi, anza na orodha ya mosi za Afrika kusini mwa Sahara iliyotolewa na Brian O'Shea mwaka 2006, inayoonyesha spishi ipi imewahi kuripotiwa nchi gani. Kwa kuvumwani kubwa, kitabu cha mezani ni *Macrolichens of East Africa* cha mwaka 1988, kazi ya Swinscow na Hildur Krog wa Oslo. Swinscow alikuwa daktari na mhariri wa jarida la matibabu, na alishiriki kuanzisha chama cha kuvumwani cha Uingereza mwaka 1958. Daima nikichoka hukumbuka kwamba mtu yule aliifanya kazi hii baada ya saa za kazi yake. Majina kadhaa yamebadilika tangu hapo, kwa hiyo kila jina likague kwenye orodha za majina za mtandaoni: la kuvumwani kwenye Index Fungorum, na la mosi kwenye Tropicos.

Halafu linganisha na sampuli halisi. East African Herbarium ya Nairobi ina herufi EA, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam DSM, ya Taifa ya Arusha NHT. Herufi hizo ndizo utakazoandika kwenye makala kuonyesha sampuli imelala wapi. Sampuli yako iliyo kwenye droo ya nyumbani haihesabiwi, kwa kuwa hakuna atakayeweza kuikagua.

Ukiwa na spishi inayojulikana ila haijawahi kuripotiwa Tanzania, usijaribu kuinyoosha iwe makala ya kurasa 15. *Journal of Bryology*, jarida la chama cha mosi cha Uingereza, lina mfululizo maalumu wa rekodi mpya za nchi na mikoa, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali hutoa aya zao fupi ndani ya makala moja. Aya ya maneno mia mbili yenye sampuli sahihi ni mchango kamili. *The Lichenologist* ni la kuvumwani peke yake. *The Bryologist*, lililoanzishwa Marekani na A. J. Grout mwaka 1898, linapokea mosi na kuvumwani pia. Soma maelekezo ya waandishi ya jarida husika mara mbili, usome na ukurasa wa ada, maana mara nyingi kuna njia isiyolipiwa. Jarida linalokuandikia barua ya sifa bila wewe kuliomba na kukuahidi uchapishaji ndani ya siku tano, achana nalo.

Spishi mpya kabisa ina sheria zake. Tangu 1 Januari 2012 maelezo yake yanaweza kuwa ya Kilatini au Kiingereza. Zamani Kilatini kilikuwa lazima. Kuvumwani hupewa jina la kuvu wake, hivyo tangu 2013 jina lazima lisajiliwe kwanza kwenye daftari la majina la mtandaoni, MycoBank kwa mfano, na namba ichapishwe. Na lazima utaje sampuli moja kuwa mfano mama wa jina, yaani ile ambayo jina limefungwa kwayo, pamoja na hebaria ilimo. Hapo nakuomba: gawa sampuli iwe nakala mbili. Mosi nyingi za Afrika zilizokusanywa karne ya 19 zilipelekwa Berlin, na hebaria ile iliungua kwa mabomu Machi 1943. Mkusanyo mkubwa wa Carl Müller ulipotelea humo. Acha nakala moja nchini, nyingine nje.

Kuandika na kujibu

Anza na orodha ya sampuli, siyo utangulizi. Kisha maelezo ya mmea kwa mpangilio mmoja usiobadilika: umbo, rangi ikiwa kavu na ikiwa mbichi, kijani, seli, kapsuli. Kisha aya ya kuitofautisha na zile zinazofanana nayo. Hiyo ndiyo aya ambayo wahakiki husoma kwa penseli mkononi. Ikisiri andika mwisho. Kila picha iwe na mstari wa kipimo, kwa sababu "imekuzwa mara 400" haina maana picha ikishapunguzwa ukurasani. Majina ya mahali yaandike kama wenyeji wanavyoyaandika, usikubali yageuzwe.

Maoni ya wahakiki yakija, soma, funga kompyuta, lala. Kesho yake yanakili yote kwenye faili moja na ujibu kila hoja chini yake, hata ile ya nukta na koma. Ukikubaliana, sema umebadilisha nini na mstari wa ngapi. Usipokubaliana, rudi kwenye hadubini, pima tena, ujibu kwa vipimo. Mhakiki aliyeniuliza "mti gani" sikuwahi kujua ni nani, lakini maswali yake bado nayatumia kuwafundishia wengine.

Nakala ya mwisho ya kusahihisha ikifika, kagua namba za sampuli moja moja ukiwa umeshika bahasha zenyewe, alama za nyuzi za latitudo, na S ya kusini isiwe imegeuka N ya kaskazini. Makala ikitoka, chapa nakala mbili: moja ya ofisi ya hifadhi, nyingine ya kijiji, na umtafsirie mzee wako aya ya kwanza kwa Kiswahili. Kisha rudi kabatini, toa bahasha, na kwa penseli andika chini ya namba yako jina la spishi, jina la jarida, mwaka na ukurasa. Irudishe mahali pake.